Sekunde Tatu

Kabla ya picha, kabla ya neno la siri,
kuna giza dogo ndani ya kompyuta,
na humo anakaa bawabu ninayemtunza.
Anauliza: leo tuamshe mfumo upi?
Kisha anajiondokea. Hakuna amkumbukaye
ila siku asipofika kazini.

Nilimrithi kwa Tweve. Msimbo wazi, asomaye asome,
lakini maelezo hakuacha,
ila mstari mmoja wa kusubiri sekunde tatu
na juu yake neno: "Usiguse."

Nikaugusa.
Hapa Uyole sikuona kazi yake; nikaufuta,
nikatoa toleo jipya, nikajipongeza kwa chai.

Julai, simu ikaita kutoka Matamba.
Sista Atuganile, wa zahanati:
"Asubuhi mashine inasema haina diski.
Nikiiacha ijipashe, saa nne inaiona."
Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa akipuliza mkaa.
Usiku ule umande uliganda juu ya majani ya viazi.

Nikaurudisha mstari. Nikalifuta lile "Usiguse",
maana katazo lisilo na sababu huita mkono,
nikaandika mahali pake:

"Diski kuukuu, kwenye baridi,
huchelewa kuanza kuzunguka. Isubiri.
Iko Matamba. Kuna mtu anaitegemea."

Tweve, nimekuelewa, kwa kuchelewa.
Na wewe wa baada yangu, nisiyekujua jina,
ukikutana na diski nzito kuliko hii,
ongeza sekunde,
na uandike ni ya nani.