Miwani ya Mtu Mwingine

Niliagiza moja.
Dola kumi na mbili, kwa simu, usiku,
baada ya sindano kunichoma mara ya nne
na uzi kukataa tundu
kama mtoto anayekataa dawa.
Moja: mbili na nusu, fremu ya kahawia.
Zikaja tatu.

Kijana wa vifurushi alipanda ngazi za Kadutu akihema,
matope ya Nyamugo mpaka magotini.
Mama Nshobole, weka sahihi hapa.
Nikaweka. Boksi lilinuka mafuta,
boti ya usiku itokayo Goma,
na ndani, katikati ya karatasi zilizokunjwakunjwa,
macho sita yalinitazama.

Ya kahawia ilikuwa yangu. Nikaivaa,
na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mume wangu
niliona kwamba ukuta wangu una ufa.
Heri nisingejua.
Ya pili, nyeusi: sakafu ilipanda,
cherehani ikayeyuka kama siagi.
Ya tatu sikuijaribu. Nilikwisha kuelewa.
Kuna mtu mahali, Uvira au Butembo, sijui,
anayepapasa meza sasa hivi.

Cishugi, mtoto wa jirani, alicheka.
Kosa lao, faida yako, mama.
Duka halina uso. Nani atalia?
Nyeusi pale Feu Rouge ni dola nane,
na dola nane ni unga wa wiki mbili.
Sikumkaripia. Hesabu hiyo
nilikuwa nimeipiga kabla yake,
na yangu ilifika tisa.

Nikawaandikia: Mmekosea. Mmenizidishia mbili.
Siku ya kwanza kimya.
Ya pili, kimya, na mvua.
Ya tatu sauti ya msichana, chini chini,
kama mtu aliyejificha nyuma ya rafu:
Mama, ni mimi niliyefunga.
Siku ile nilifunga maboksi arobaini, kichwa kinauma.
Kikipungua kitu, kinakatwa kwangu.
Usilipe usafiri. Mpe kijana yule yule,
boti ya kesho.

Kesho. Basi ulibaki usiku mmoja.

Mama Cibalonza aliingia kuomba chumvi,
akaketi, akaichukua ile ya tatu mezani
kwa namna mtu anavyochukua njugu,
akaivaa.
Hakusema kitu.
Kisha akasoma pakiti ya chumvi, herufi kwa herufi.
Akasoma kalenda ya mwaka juzi.
Akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya hospitali:
Kumbe ni mara mbili kwa siku!
Mimi nilikuwa nameza mara tatu.

Chini ya kadi kulikuwa na barua
ya mwanawe mkubwa aliyekwenda Kalemie,
ile ambayo miaka yote amesomewa na Cishugi.
Midomo yake ilitembea polepole,
ikafika mahali, ikasimama, ikarudi nyuma.
Kulikuwa na mstari ambao hakuwahi kusomewa.
Hakuniambia ni upi.
Alimtazama tu Cishugi mlangoni,
na Cishugi akatazama viatu vyake.

Umeme ukakatika. Tukawasha tochi ya simu.
Aliendelea mpaka betri ikafa.

Alfajiri alirudi kabla sijanawa uso.
Aliipangusa kwa pindo la kitenge,
akaikunja mikono kama anayemlaza mtoto,
akaitia boksini mwenyewe.
Ina mwenyewe, akasema.
Nilitaka kusema jambo, nikakosa.

Kijana akashuka nalo ngazi.
Juu ya boksi nilikuwa nimeandika kwa chaki ya fundi:
POLEPOLE. MACHO YA WATU.

Jioni nilisikia sarafu ikianguka
kwenye mkebe wangu wa zipu,
na mtu akiondoka bila kubisha hodi.

Ufa bado upo. Saruji labda Jumamosi.
Kando yake, ukutani,
kabla boksi halijafungwa niliandika namba
iliyochorwa ndani ya mkono wa ile miwani ya tatu,
nisije nikaisahau:
tatu na robo.