Taa ya Kulisha Mfupa

Miaka ishirini na sita nilipiga picha mifupa ya watu
katika chumba kisicho na dirisha.
"Vuta pumzi. Ishikilie. Haya, pumua."
Taa ya kuuona mfupa naijua, na hasira zake nazijua.
Ya kuulisha siijui.

Ndiyo maana leo nimesimama Mtaa wa Rindi,
mbele ya kaunta ya kijana Kiondo.
Ananiuliza, "Mama, ya sebuleni au ya vifaranga?"
Ya matumbawe.
Anacheka, anaona sicheki,
anapanda ngazi.

Kipande chenyewe hakizidi kidole gumba.
Zulfa wa Tanga alikikata kwenye tangi lake,
na mama yake kilikatwa kwenye tangi jingine;
bahari hakijaiona.
Kilipanda hadi Moshi ndani ya chupa ya chai,
nimekipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Zulfa alinionya: huyu si jiwe, wala si ua.
Ni mnyama mwenye nyumba.
Amepangisha vyumba vyote kwa mwani mdogo usioonekana,
nao humlipa kodi kwa sukari
mradi taa iwake.
Taa ikipungua, kodi hailetwi.
Ikizidi, mwenye nyumba anawatolea vyombo nje,
anabaki mweupe, kuta tupu,
hajafa bado, ana njaa tu.

Kiondo anashusha maboksi, anayapuliza vumbi.
Tyubulaiti mbili: bei poa, mwanga wa ofisi ya kata.
Halaidi, ya kumulika uwanja wa mpira:
maji yatachemka kama supu
na luku italia kabla ya Ijumaa.
Kisha LED, nyembamba kama rula,
swichi mbili za kuzungusha, nyeupe na bluu.
"Hiyo bluu ni urembo, mama. Ya saluni."

Hapana, mwanangu.
Mita kumi chini nyekundu imeshachoka njiani,
njano imekaa kando inahema;
bluu ndiyo inayoteremka hadi mwisho
na kikapu cha chakula kichwani.

Laki mbili na themanini.
(Mume wangu, Eliamringi, alishapiga hesabu:
mbuzi wawili na kamba zao.)
Nikasema, ichomeke niione.
Akachomeka.
Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukasema aaah kwa sauti moja.
Tukabaki tunatazamana, mimi na Kiondo na rula yake,
na mlima, kama kawaida yake mwezi huu, haupo.
Nikawaza maji yake yanayopita Karanga,
yanashuka, yanazuiwa Nyumba ya Mungu,
yanazungushwa kwenye mashine kama watu wa foleni,
ndipo yanaruhusiwa kwenda Pangani, kwenda chumvini.
Basi huenda umeme huu ninaousubiri
ni maji yaliyokuwa yakienda baharini
yakageuzwa, yakapandishwa kwa waya,
yaje kumtafuta huyu wa kidole gumba
sebuleni kwangu, Rau.
Sikumwambia Kiondo. Nilimwambia apunguze elfu ishirini.
Akapunguza kumi.

Usiku nikaifunga juu ya tangi kwa misumari minne.
Dozi naijua: mgonjwa mpya humpi yote.
Nyeupe nikaiacha imelala,
bluu robo, wiki hii robo tu.

Eliamringi akatoka jikoni na meno ya samawati.
"Nyumba imekuwa saluni," akasema,
akavuta stuli, eti dakika moja.
Saa nne ikapita, ya tano.
Kwenye kile kipande kikavimba kitone,
kikatoa vidole, vinene kidogo kuliko uzi,
vikapapasa maji.

"Vuta pumzi," nikajikuta nakiambia.
Eliamringi ndiye aliyeishikilia.