Weupe wa Kilemba

Alhamisi, zamu ya kufulia ikiisha saa nane,
napanda tramu na mikono inayonuka sabuni
hadi jumba la picha, hapa Ghent, chumba cha tano,
mbele ya mama mmoja wa miaka mia nne
aliyefungwa kitambaa cheupe kichwani.

Nilidhani weupe naujua.
Miaka kumi na tisa nafua mashuka ya hospitali:
damu, chai, matapishi, iodini,
vyote nimevitoa, ila mara moja.
Lakini kilemba cha yule mama, nikikisogelea,
kina kijani cha maji ya mfereji,
kina majivu, kina waridi la sikio linalopenya,
na pale panapong'aa kuliko pote
mchoraji ameweka tone moja, kisha akaondoka zake.

"Rudi nyuma, Godelieve," husema Odiel, mlinzi.
"Pua yako itaingia kwenye picha."

Nyumbani nikatandaza kitani, nikanunua nyuzi
za weupe wa aina kumi na moja.
Majira matatu ya baridi
nilitarizi, nikafumua, nikatarizi.
Anayemwiga tembo, msamba ndio shahidi.
Kilemba changu kililala kama sanda:
kila mshono mahali pake, na ndani hamna mtu.

Februari moja jua likaingia kwa ubavu,
likaipapasa turubai kutoka pembeni,
nikaona, chini ya mkono wake, mkono mwingine:
vidole vya kwanza, alivyovikosea bwana yule
akavifunika kwa rangi, na rangi kwa uzee ikakonda,
ikamsema.

Nilicheka mpaka Odiel akaja mbio.
"Hakufumua," nikamwambia. "Tazama. Alipita juu."

Usiku ule nikatia mkasi kwenye droo ya vijiko.
Nikatoa shuka kuukuu, lenye mhuri wa wodi ya sita
na doa la iodini, lile moja lililonishinda,
nikaanzia hapo hapo, kwenye doa,
kwa uzi wa manjano ambao sikuuona ukutani kwa yeyote.
Nilipokosea, nilipita juu.
Sasa ni mikunjo ya kitanda alfajiri, mtu akishatoka.
Kaenda nyumbani, au kwingine; sindano haisemi.

Alhamisi bado naenda.
Yule mama hanitazami, hajawahi.
Namwangalia sikio, lile waridi linavyovuka kitambaa,
na kuna jambo pale sijalielewa,
Odiel anatikisa funguo,
bado sijalielewa.