Tundu za Kofia

Sentensi ya kwanza niliiandika mara kumi na moja.
Kiswahili kilinionea huruma:
*a-* haivai kanzu wala buibui.
Alizaliwa, alishona, alicheka, akafa,
nusu ya kitabu ikapita mlangoni bila kuulizwa.

Nikajikwaa kwenye ndoa.
Hapo lugha yetu hukushika mkono, ikauliza:
ameoa, au ameolewa?

Katika daftari la mkoloni, wino wa kahawia,
kuna mstari mmoja tu:
*Fundi kofia, Langoni. Mwanamke ajifanyaye mwanamume. Hana madhara.*
Nilinakili. Nikanywa chai. Nikarudi
nikalitazama lile neno *ajifanyaye*,
nikawaza afisa huyu naye alijifanya nani
kila asubuhi akifunga vifungo vyake.

Bi Mwanahadie wa Mkomani, miaka tisini na miwili,
alinipokea kwa kahawa ya tangawizi.
"Ndoo ukae. Nisomea ulichoandika juu ya mjomba."
Nilikuwa nimeanza na mwili,
ukurasa wa kwanza kabisa,
kama mwosha maiti asiye na haya.
Alisikiliza hadi mwisho. Hakusema kitu.
Akafungua sanduku, akatoa kofia
iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana,
akaniwekea mapajani.
"Anzia hapa."

Tundu mia kadhaa, ndogo kuliko punje ya mtama.
Nikaiinua kwenye mwanga.
"Tundu ya kofia haizibwi," akasema.
"Huzungushiwa uzi, isifumuke."

Usiku ule nilichana kurasa ishirini.

Sasa kinaanza hivi:
Bwanaheri bin Athmani alikuwa na mkono mwepesi
na deni kwa muuza uzi.
Yote mawili yana ushahidi.

Walimwoza Siyu, akiwa na miaka kumi na minne.
*Walimwoza*, nimeandika,
kwa kuwa wao ndio waliotenda.
Siku ya nane hakuonekana.
Miaka mitatu iliyofuata sijui alikuwa wapi,
nimeiacha wazi,
nimeizungushia uzi.

Kisha yuko Langoni, kibarazani, sindano mdomoni,
na jina alilojipa mwenyewe.
La kwanza nalijua. Bi Mwanahadie ajua kuwa nalijua.
Halimo.

Wala sikumvika neno letu la leo,
tulilolipata juzi kwenye semina;
lingempwaya mabegani.
Nimeweka aliloliambia karani
mbele ya mashahidi wawili, siku aliponunua duka:
"Andika mume. Ndivyo nilivyo."

Akaoa, mwaka wa mvua nyingi.
Akampiga mwanagenzi kwa ubao wa kupimia
na hakuomba radhi.
Hilo nalo limo,
heshima si kupaka chokaa.

Mhariri wa Mombasa alitaka neno *siri* kwenye jalada.
"Siri huuza," alisema.
Siri ya nani,
ikiwa watoto wa mtaa mzima walimwita mjomba
na imamu akiazima mkasi wake?

Waliomwosha walikuwa wawili.
Walifunga mlango.
Nami, ukurasa wa mia na tisa, nimeufunga.

Jana karatasi za majaribio zimerudi kutoka matbaani.
Safi, isipokuwa mahali pamoja:
ukurasa wa arobaini na moja,
mtu mwema fulani ameona kosa, akanisaidia.
*Bwanaheri binti Athmani.*

Herufi mbili.
Nimetafuta wembe,
nachonga penseli.