Nywele Saba

Barua ilikuja kwa sanduku la shule
niliyostaafu mwaka wa juzi. Bawabu akaniletea Tudor
kaishika kwa ncha mbili, kama chapati ya moto.
Stempu ya Amerika. Nyuma, kwa wino wa samawati,
jina langu;
la, si langu: jina langu limevaa suti.
Siebenhaar.

Sisi twaandika Zibenari, na hata hivyo
karani wa Huduma aliniuliza mara tatu,
"Hili la kabila gani, mama?"
Nikamwambia andika unavyosikia.
Akaandika Zebunari. Ndivyo nilivyo kwenye kitambulisho.

Bibi Lorina, miaka themanini na miwili, wa Nebraska,
asema kwao jina hili limekwisha kama sabuni.
Babu yake alishuka melini na ndugu wawili.
Mmoja hakuoa. Mmoja alizaa mabinti watupu.
Wa tatu, vita vilipokuja
na Mjerumani akawa mtu wa kurushiwa mawe,
alilikata jina kwa mkasi, akabaki na kipande cha nyuma.
Kitabu cha simu cha jimbo zima: wanne.
Mwaka huu kazikwa mmoja.
Maana yake, asema, ni nywele saba;
pengine mzee wa kwanza kabisa alikuwa na upara
na kijiji chake kilikuwa na ulimi.
Nikacheka peke yangu jikoni. Marehemu baba
alikuwa nazo sita, kwa hesabu yangu.

Chini kabisa, kwa mwandiko unaotetemeka:
Je, ninyi ni wetu tuliopoteana?

Nimekaa na swali hilo siku tisa.

Kwa sababu, Bibi Lorina, babu yangu aliitwa Feruzi,
na mtu aitwaye Feruzi, zamani hizo, hapa Mombasa,
hakuulizwa ukoo: yajulikana hana.
Alinunuliwa mdogo, akaachwa huru mkubwa,
hapo katikati hapakuandikwa kitu.
Akafagia duka la fundi saa, Ndia Kuu,
Mdachi mrefu, mkimya, mwenye kikohozi,
aliyemfundisha kushika koleo dogo bila kupumua.
Mwaka wa kumi na nne askari wa Kiingereza wakamchukua
na kofia yake ikabaki msumarini.
Saa ishirini na moja ukutani,
kila moja ikilia kwa wakati wake.
Babu akazitia ufunguo
mpaka ya mwisho ikapigwa mnada.

Kisha yakaja mambo ya kipande.
Jina?
Feruzi.
Wa nani?
Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanyamaza.
Akatazama juu, kama kwamba kibao kiko pale,
kile alichokipangusa vumbi kila asubuhi,
herufi kumi alizozijua kwa umbo tu,
ile yenye tumbo, zile mbili pacha karibu na mwisho,
akasema: Zibenari.

Aliiba? Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne,
na hii hainijii.
Mwenyewe hakurudi kulidai.

Leo tuko kumi na tisa, Majengo, Kisauni, mmoja Doha,
na mmoja, wallahi, ni kinyozi Mwembe Tayari.
Tutakuwa ishirini Mfunguo Nne
mke wa mpwa wangu akijifungua salama,
ingawa yeye ataka mtoto aandikwe jina jingine,
jepesi, lisilomchelewesha mtu dirishani.

Nimeandika: Bibi Lorina, damu hatuna.
Nikachana. Nikaandika tena
habari za saa, za kofia, za kinyozi.
Kisha damu hatuna, mwishoni, kwa herufi ndogo.
Na chini ya hapo swali langu moja,
maana tangu Feruzi hakuna aliyetusikia akatusahihisha:
nyinyi huko, mkiitana mezani,
mwalitamkaje?