Kofia Inayopwaya

Usiishike kwa utosi, Anselmo,
hapo ndipo vidole hutoboa.
Ishike ukingoni, kama sahani ya supu ya moto.

Deolinda hakuinua macho aliposema hayo.
Nje, mvua ya São João da Madeira inapiga vigae,
ndani, birika limeanza kupumua.

Manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa, si sufu.
Sufu hukwaruza; hii huteleza kama sikio la paka.
Utepe umeshonwa kwa mkono, fundo kushoto.
Nondo wameonja hapa, wakaacha.

Brashi ikafuata manyoya yalikolala,
polepole.
Akaupitisha mbonyeo juu ya mvuke
hadi ukakumbuka umbo lake.

Kisha akapindua ukanda wa ngozi wa ndani,
uliokakamaa kwa jasho la miaka,
akakuta herufi mbili zimechomwa: H. M.
"Baba yako aliitwa nani?"
"Belmiro Quintela."

Na nyuma ya herufi, gazeti
lililokunjwa mara nne, la manjano,
limeshika mviringo wa kichwa.
Mwenyewe wa kwanza alikuwa na kichwa kikubwa.
Anselmo akaikumbuka picha ya harusi:
baba kanyoosha shingo, hacheki,
kama aliyejitwika maji.
Miaka yote walidhani ni kiburi.

"Niitupe karatasi?"
"Irudishe. Palepale."

Akairudisha.
Ilaze chali, akasema, ukingo usibebe uzito,
na mbali na jiko.
Akatoza pesa ya brashi na mvuke tu.