Kisanduku cha Zizini

Babu aliijenga nyumba hii kwa mawe ya graniti,
unene wa ukuta ni mkono wangu mzima, bega hadi ncha ya kidole.
Alikuwa akiukimbia upepo wa Januari
unaoshuka milima ya Trás-os-Montes ukinoa meno.
Hakufikiria kwamba iko siku
tutatamani kitu cha hewani kipenye.

Ruta iko juu, chumbani kwa marehemu mama.
Fundi wa kampuni aliitundika hapo kwa sababu alikuwa na haraka
na waya wake ulikuwa mfupi.
Baba anaishi chini, palipokuwa zizi la ng'ombe,
na televisheni yake, na printa ya risiti za asali,
na redio ya mbao ambayo binamu Telmo aliitia moyo mpya
wenye tundu la waya, basi.
Viziwi vyote hivyo.
Hewa imejaa maneno, vyenyewe haviambulii silabi.

Kama baba mwenyewe. Miaka ishirini na sita ya baruti mgodini
ilimwachia masikio ya pambo.

Nimeshuka na kisanduku kidogo kuliko kipande cha jibini,
nimekinunua Bragança kwa euro arobaini na tisa,
antena mbili wima, masikio ya punda mwenye shaka.
Kazi yake: kusikia hewani, kusema kwenye waya.
"Daraja?" baba anasoma midomo yangu.
"Daraja juu ya mto gani?"

Nakiweka mezani: taa nyekundu.
Juu ya friji: nyekundu.
Nakipa nywila, naikosea, nakipa tena
(jina la mbwa aliyekufa, na mwaka aliokufa):
nyekundu.
Baba ananitazama kama mtu anayemtazama mkwe wa mjini akikama ng'ombe.
Kisha ananyoosha kidole. Pale, kwenye kidirisha cha ngazini,
mama alipokuwa akipitishia ndoo ya maziwa.
Pale ukuta una upungufu.
Nakisogeza.
Taa inapepesa, inawaza, inapepesa.
Kijani.

Napanda kuikagua ruta.
Katika orodha yake hamna televisheni, hamna printa, hamna redio.
Mna jina moja tu, la kisanduku.
Wa chini wote wamejibanza nyuma yake
na ruta inadhani inazungumza na mmoja.

Nilisimama na simu mkononi,
nikalikumbuka duka la Bwana Belmiro:
daftari lake la madeni halikuwa na Abílio,
wala Ivone, wala mimi Graciete.
Mafuta ya taa: Deolinda.
Viatu vya Ivone: Deolinda.
Dawa ya masikio, isiyofaa kitu: Deolinda.
Alisikia upande huu akasema upande ule,
na daktari alipomwaga maneno yake marefu
yeye ndiye aliyeyakata vipande vya kumezeka
akavitamka polepole mbele ya uso wa baba.
Hakuna aliyemuuliza kama amechoka.
Taa yake ilikuwa kijani.

Chini, printa imeamka na kutapika ukurasa wa majaribio.
Televisheni inamleta Ivone kutoka Lyon, jikoni kwake, mikono ina unga.
Anaganda mdomo wazi. Anaendelea.
Baba hamsikii. Anaisoma midomo yake,
ambayo kwenye simu yangu ilikuwa midogo mno,
mara ya kwanza tangu Krismasi.
"Amenenepa," ananinong'oneza
kwa sauti ya kupasua jiwe.
"Nimesikia!" anasema Ivone.

Usiku, nikienda kuzima taa,
namkuta ameweka kiganja juu ya kisanduku.
"Kina joto," anasema. "Kama yai la sasa hivi."
Kisha, akiwa ameshageukia ukutani:
"Usikifunike kitambaa. Mama yako
angekifunika kitambaa."